Bethdei Ugenini: Vidokezo kwa Mwalimu wa Kiswahili Aliye Marekani

Kila Agosti vijana wa Kitanzania na Kikenya hupanda ndege kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani. Baadhi yao huenda kwa mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, unaochukua vijana wa miaka 21 hadi 29 kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi kama tisa. Piga hesabu. Miezi tisa katika kumi na miwili maana yake ni kwamba karibu robo tatu yao siku ya kuzaliwa itawakuta huko huko, wakiwa na rundo la majaribio ya kusahihisha na kozi zao wenyewe za kusoma, maana mpango huo unawataka wasome angalau kozi mbili kila muhula.

Kabla ya safari utaelezwa habari za viza, bima na akaunti ya benki. Habari ya bethdei hutaelezwa na mtu. Mimi niliyewahi kushika chaki huko Wisconsin, theluji ikinitazama dirishani, nina maoni yangu, na ninayatoa bila kuombwa.

1. Sema. Hakuna atakayebashiri

Nyumbani hukuhitaji kusema. Saa sita usiku dada yako alishakuweka kwenye status, na ile picha yako ya darasa la tatu ambayo uliapa kuichoma moto. Ugenini tarehe yako anaijua katibu wa idara peke yake, kwa sababu ulijaza fomu, na huyo hatamwambia mtu maana kule habari za mtu ni siri yake.

Basi taja mwenyewe, tena mapema. Wiki mbili au tatu kabla si mapema mno. Mmarekani anaishi kwa kalenda, na Jumamosi yake ya mwisho wa mwezi huenda ilishachukuliwa tangu mwanzoni mwa mwezi. Huna haja ya kuzunguka. "Tarehe 14 ni siku yangu ya kuzaliwa, ninapika, njoo" inatosha kabisa, na hakuna atakayekuona unajipendekeza.

Nimewaona walimu wanaonyamaza makusudi ili wapime nani atakumbuka. Wanashinda chumbani wakitazama simu, jioni wanahitimisha kwamba Wazungu hawana utu. Marafiki zao hawakujua hata kama kulikuwa na mtihani.

2. Hamisha tarehe bila huruma

Kalenda ya chuo haikujali ulizaliwa lini. Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya shukrani, na kuanzia Jumatano yake chuo kinakuwa gofu. Katikati ya Desemba ni mitihani. Baada ya hapo hadi katikati ya Januari wanafunzi wako kwao, na mabweni mengine hufungwa kabisa. Aliyezaliwa tarehe 28 Desemba akisisitiza tarehe yake atakata keki na mlinzi.

Wamarekani wenyewe hawaoni shida kusherehekea wiki moja kabla au wiki mbili baada. Aliyezaliwa mwishoni mwa Desemba afanye mwanzoni mwa mwezi, kabla watu hawajazama kwenye mitihani, au asubiri wikiendi ya kumbukumbu ya Martin Luther King, inayoishia Jumatatu ya tatu ya Januari. Watu wamesharudi, masomo hayajakolea, na kila mtu anatafuta sababu ya kutoka ndani.

3. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza

Saa ya kumaliza itakufanya uonekane mkorofi, najua. Kwetu kumwandikia mgeni muda wa kuondoka ni kumfukuza kabla hajafika. Kule ni heshima, kwa sababu mtu anataka kujua kama atawahi basi la mwisho au amwambie yaya wa mtoto saa ngapi. Wakiona "saa 12 hadi saa 3" watafika saa 12 na dakika tano wakiwa wamekamilika, nawe bado uko na kanga kiunoni. Waafrika wenzako watafika saa mbili. Panga mapishi kwa kufuata wale wa kwanza na idadi ya sahani kwa kufuata wale wa pili.

Kama unaalika watu waliosoma Kiswahili, tumia saa ya Kiswahili na chini yake uandike saa ya kwao. Wapo watakaotoa saa sita wakati walitakiwa waongeze.

4. Tenganisha darasa na sherehe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye hatari.

Wanafunzi wako wengi ni wa miaka 18 hadi 22. Wewe una 25. Mnasikiliza muziki mmoja, mnacheka vichekesho vilevile, na wengine ni wakarimu kuliko majirani zako. Lakini unawapa alama. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 1984 iliyabana majimbo yote, kwa kutishia kuyapunguzia fedha za barabara, hadi yakaweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Kumpa bia kijana wa miaka 19 si ukarimu, ni kosa, na kwa mwalimu aliyeingia kwa viza ni kosa linaloweza kumrudisha nyumbani. Msimamo wangu ni mmoja: penye mwanafunzi wako, pawe na chai, juisi na soda ya tangawizi tu. Ukitaka bia, waalike walimu wenzako siku nyingine.

Kwa hiyo fanya sherehe mbili, moja darasani na nyingine nyumbani. Ya darasani iwe ya dakika kumi mwishoni mwa kipindi. Peleka maandazi yenye iliki uliyoyakaanga usiku. Kashata za karanga ziache nyumbani hata kama mama alikufungashia. Mzio wa karanga unaua, na darasani huenda yumo anayetembea na sindano yake ya dharura mkobani. Uliza siku moja kabla nani hali nini.

Halafu itumie hiyo siku kama somo. Hakuna kipindi kizuri kuliko hicho cha kufundishia namba na miezi. Kila mmoja aseme alizaliwa tarehe ngapi, mwezi gani, mwaka gani, na ahangaike na "elfu mbili na sita" hadi itoke bila kujikwaa. Wazunguke wakiulizana, kisha wajipange mstari kuanzia Januari hadi Desemba bila kusema neno la Kiingereza. Watacheka, utacheka, na mpango wa somo utakuwa umetimia.

Watakuletea kadi. Itakuwa na makosa. Mmoja ataandika "Hongera mwalimu kwa kuwa mzee sana" naye anamaanisha heri. Usiitie kalamu nyekundu. Kadi hiyo itunze kama ilivyo.

Zawadi ni suala jingine. Vyuo vingi vina kanuni kuhusu zawadi zinazotoka kwa mwanafunzi kwenda kwa anayemsahihishia. Kadi na ua havina neno. Mtu akikuletea vifaa vya masikioni vya bei mbaya, mshukuru, mrudishie, na mweleze kwa upole kwa nini. Na kama chuo chako kina Meza ya Kiswahili, ile saa moja ya kila wiki ambapo wanafunzi hukutana kuzungumza tu, hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote. Ni shughuli ya idara, kila mtu anaruhusiwa, na huenda idara ikalipia piza.

5. Pika pilau, lakini mjue adui aliye darini

Usiwe na mashaka kuhusu chakula gani. Pilau. Ugali utawashinda wengi siku ya kwanza, na kusema kweli hata unga wake ni mtihani, kwani ule unga mweupe wa Kimeksiko uliojaa madukani umetengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, hausongeki ukawa ugali. Pilau haina mjadala. Harufu yake peke yake inaalika.

Viungo vyote utavipata duka la Kihindi: mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, na binzari nyembamba, ambayo mwenye duka atakuelewa upesi ukimwambia jira. Mchele wa basmati upo kila mahali. Mbuzi mtafute kwenye bucha za halali. Kwenye miji yenye Wasomali wengi kama Minneapolis na Columbus hutahangaika hata kidogo. Mwambie mwenye bucha akukatie vipande vidogo na mfupa wake. Mara nyingi nyama itakuwa imeganda kama jiwe, basi itoe kwenye friza uihamishie kwenye friji siku mbili kabla. Ukiitoa asubuhi ya shughuli, wageni watakuta unaipiga kwa mwiko.

Sasa adui. Juu ya dari, pengine hatua tatu kutoka kwenye jiko, kuna kidude cheupe cha duara chenye taa ndogo. Hicho ni king'ora cha moshi, na hakijawahi kuonja pilau. Wewe unataka kitunguu kiive hadi kiwe cha kahawia iliyokolea, kwa sababu bila hapo pilau inatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Kitunguu kikifika hapo kinatoa moshi. Moshi ukifika juu, jengo zima linalia. Katika majengo mengi ya wanafunzi king'ora kimeungwa moja kwa moja na zimamoto, na sheria ni kwamba kila mtu atoke nje, awe amevaa au hajavaa. Fikiria majirani mia moja wakiwa na ndala kwenye theluji ya Januari, wanajua kabisa ni chumba gani kinachonukia karafuu.

Usikifunike king'ora kwa mfuko wa plastiki. Watu hufanya hivyo, na ni kosa lenye faini. Kaanga vitunguu siku moja kabla kwa moto wa wastani, dirisha wazi, feni ya jiko ikinguruma, kisha viweke kwenye chombo ndani ya friji. Au nenda duka la Kihindi au la Kiarabu ununue vile vilivyokwisha kukaangwa, vinauzwa kwenye pakiti kwa ajili ya biriani. Bibi yangu asingekubali, lakini bibi yangu hakupika ghorofa ya saba.

Wasiokula nyama ni wengi vyuoni, na kuondoa minofu kwenye pilau si kumpikia mtu asiyekula nyama. Wapikie sufuria yao: wali wa nazi kwa tui la kopo, na maharage. Sukuma wiki usilete mbegu wala kulilia kwenu, zimejaa supamaketi, hasa majimbo ya Kusini, zikiuzwa kwa jina la collard greens, na bei yake ni ya kucheka. Kachumbari tengeneza bakuli mbili, moja yenye pilipili na moja isiyo nayo, na uziwekee alama. Kuna watakaokuambia wanapenda pilipili. Wanafikiri hivyo.

6. Mgeni akiuliza alete nini, mpe kazi

Atakuuliza, karibu kila mmoja. Malezi yetu yanatufanya tujibu "njoo tu wewe mwenyewe", na yeye atakuja na mashaka mlangoni, ameshika pakiti ya bisi. Kule ni kawaida kabisa kila mgeni kuja na sahani yake, na mwenyeji haaibiki. Sisi ni watu wa kamati za harusi na bahasha za michango, kwa hiyo sijui aibu hii tuliitoa wapi. Mwambie huyu alete matunda, yule barafu na vikombe, mwingine viti. Viti hasa. Nyumba ya mwalimu msaidizi ina viti viwili.

7. Mkienda hotelini, lisemwe mapema nani analipa

Kwetu mwenye bethdei ndiye mwenye mfuko. Kule "twende tukale" haina maana kwamba anayealika analipa. Mara nyingi kila mtu analipa chake na mwenye siku yake analipiwa na wenzake. Usikisie. Andika kwenye ujumbe: "kila mtu atajilipia", au "ninalipa mimi, lakini naomba tusiagize kamba". Juu ya bili weka bakshishi ya asilimia 18 hadi 20, kwa sababu mshahara wa mhudumu uko hapo.

8. Keki, mishumaa, na kulishana

Keki za supamaketi ni kubwa, za mstatili, na sukari yake inaweza kukung'oa jino. Zina jambo moja jema: mtu wa kaunta atakuandikia maneno juu yake, mara nyingi bila malipo. Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na usimtajie kwa mdomo. Simama pale umtazame akiandika, amekunja shingo, bomba la krimu mkononi, akikagua karatasi yako kila baada ya herufi mbili kana kwamba ni hati ya kiwanja. Akifika kwenye KUZALIWA utamwona anavuta pumzi.

Mishumaa ni marufuku kwenye mabweni mengi. Soma mkataba wako wa nyumba. Ukikatazwa, fanyia shughuli kwenye ukumbi wa jirani, au, kama ni Septemba au Mei, kodisha banda kwenye bustani ya mji. Mabanda mengi ya bustani yana jiko la mkaa la kuchomea nyama, na hapo mishkaki itakusaidia kupunguza kazi ya sufuria.

Wimbo watauimba, huo wa dunia nzima. Waambie wanafunzi wako kwamba muziki wake ulitoka kwa watu wa shule: dada wawili wa Louisville, Kentucky, Patty na Mildred Hill, mmoja mwalimu wa chekechea na mwingine mwanamuziki, walioutoa kitabuni mwaka 1893 ukiwa wimbo wa mwalimu kuwaamkia watoto asubuhi. Kwa miaka mingi kampuni zilitoza watu fedha kwa maneno yake ya bethdei hadi mahakama moja huko California ilipoyakataa madai hayo mwaka 2015. Ubeti wetu ule wa kuuliza umri, hata hivyo, uimbeni kwa tahadhari. Mtu mzima wa Kimarekani haulizwi miaka hadharani.

Kisha ukifika wakati wa kulishana, usiuruke. Hapa ndipo sherehe yako inapoacha kufanana na za wengine. Wageni wamezoea kwamba mwenye siku anazima mishumaa, anakata, kila mtu anachukua kipande chake na kurudi kwenye kona. Wewe kata vipande vidogo kama vya kuonja, chomeka kijiti kimoja kila kipande ili asiwepo wa kuogopa mate ya mwenzake, mteue mtu mwenye sauti awe MC, na uanze kuita. Nani anaitwa wa kwanza? Nyumbani ni mama. Huko lazima uchague, na kuchagua kwenyewe ni hotuba tosha. Yule mama mwenyeji aliyekupokea uwanja wa ndege na koti la ziada mkononi, mwite kwa jina la mama. Mwalimu mkuu wa programu, ambaye huenda ni Mkenya aliyekaa huko tangu miaka ya themanini, ni mjomba. Jirani anayekusukumia gari theluji ikizidi ni kaka. Mwanafunzi wa uzamili anayekusaidia kwenye takwimu, shemeji, ili watu wapate cha kuuliza.

Nimemwona mzee mmoja wa Kimarekani, mrefu kama mnazi, akipiga magoti kidogo ili kijana wa Morogoro amfikie mdomo. Krimu ilibaki kwenye masharubu na hakuna aliyemwambia.

9. Maji, hapana

Najua vijana wa Nairobi na Dar hawaoni bethdei imekamilika bila ndoo ya maji kichwani. Nje ni nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Hapana.

10. Watafute Waswahili wengine, wapo

Mwalimu anayezunguka kati ya darasa, maktaba na chumba chake anaweza kuamini kwamba Kiswahili chote mjini kimo kinywani mwake. Si kweli. Wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa Marekani wako kwenye miji mingi usiyoitegemea: Louisville, Dayton, Des Moines, Portland ya Maine. Wengi walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wengine wanatoka Bukavu, Uvira au Lubumbashi, na Kiswahili chao kina ladha yake. Wana makanisa yenye ibada za Kiswahili, wana maduka yanayouza sombe, ambayo wewe unaiita kisamvu, na samaki wakavu, na wana wapishi ambao wakisikia kuna shughuli hawasubiri kubembelezwa.

Nenda ukasalimie mapema, mwezi wa kwanza tu wa kukaa kwako, usingoje hadi uwe na haja nao. Ukialika familia moja ya Kikongo kwenye bethdei, jiandae kupokea watu tisa, muziki wa kwao na sufuria moja ya ziada. Wanafunzi wako wa mwaka wa pili watapata kusikia lugha ikiongewa na watu ambao hawapunguzi mwendo kwa ajili yao. Baadhi watafadhaika. Ni dawa.

11. Nyumbani nao wale

Afrika Mashariki iko mbele ya Wisconsin kwa saa tisa majira ya baridi, na saa nane kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaposogeza saa zao. Mbele ya New York ni saa nane au saba. Mbele ya California ni kumi na moja au kumi. Tofauti hiyo ina faida: majira ya baridi, salamu za saa sita usiku kutoka Tanga zitakufikia saa tisa alasiri ya siku iliyotangulia, pengine ukiwa unafundisha, na siku yako haitaisha hadi usiku wa manane wa Wisconsin. Jumla ni saa 33. Mtu wa Dar anapata 24 tu, tena nyingine zimekatika umeme.

Zima sauti ya simu darasani. Kupiga simu, wakati mzuri ni asubuhi kabla ya vipindi: saa mbili yako ya asubuhi ni saa kumi na moja jioni kwao, watu wametoka kazini na jua bado lipo la kupigia picha.

Na tuma fedha. Si nyingi, za soda, mchele na kuku wawili, siku mbili kabla ili asiwepo wa kukimbia sokoni. Mama apike, majirani waitwe, simu iegemezwe kwenye chupa ya chai katikati ya meza, nawe uone wanavyokula kwa niaba yako. Mdogo wako atakata keki na kukulisha kwa kuisukuma kwenye kioo cha simu. Kwa maoni yangu dola hizo chache zinarudisha zaidi ya zile ulizotumia kwenye keki ya mstatili.

12. Kama husherehekei, alika hivyo hivyo

Wengi tumelelewa kwenye nyumba zisizokata keki. Wazee wetu wengine wana tarehe ya kwanza Januari kwenye vitambulisho kwa sababu karani alitaka tarehe. Wapo Waislamu na Wakristo wasioona sababu ya kuiadhimisha siku hiyo, na dini yako usiiuze kwa ajili ya mishumaa. Iite chakula cha jioni. Soma dua, pakua. Na mgeni wako akikataa kuja kwa sababu kama hizo, mfungashie sahani umpelekee kesho yake.

13. Sindikiza, fungasha, na uandike tarehe za wenzako

Wageni wakianza kuvaa makoti, na kuvaa makoti huchukua robo saa, usiagane nao mlangoni kama wanavyozoea. Watoe hadi kwenye gari au kituo cha basi. Wape pilau kwenye karatasi ya foili. Watashangaa, na kesho yake watakuandikia ujumbe wa shukrani wenye nukta zote mahali pake.

Kisha chukua daftari. Wewe si mwalimu msaidizi peke yako hapo chuoni: huenda yupo wa Kiarabu kutoka Misri, wa Kiindonesia, wa Kituruki, wa Kihausa kutoka Nigeria, na kila mmoja ana tarehe yake asiyoitaja kwa mtu. Waulize. Andika majina na tarehe hadi Mei, na kila moja ikikaribia, mpigie mwenye nayo simu wiki mbili kabla umuulize anapika nini na wewe ulete viti vingapi.